Mandarini wangu anadonoa kutwa lakini anakonda: nimtie dawa?

Swali: Habari mtaalamu. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 120, lina miezi mitano tangu nilianzishe. Wamo samaki klauni wawili, samaki mwingine mmoja wa aina iitwayo mistari sita, na wiki tano zilizopita nilimwongeza samaki mandarini. Kutwa anadonoa mawe na mchanga, nikadhani anashiba. Sasa tumbo limeingia ndani na mgongo umeanza kuchongoka. Chakula cha punje hakigusi. Hana madoa wala kidonda. Nimeshanunua dawa ya shaba ya kuua vimelea. Niitie tangini? Na je, nikimnunulia mwenzake atachangamka na kula?

Jibu: Usiitie. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la haraka: dawa ya shaba inaweza kummaliza samaki huyu upesi kuliko kinachomsumbua sasa.

Kinachomsumbua ni njaa. Tumbo limeingia ndani, mgongo umechongoka, ngozi ni safi, na bado anazunguka akidonoa. Ukiziweka dalili hizo pamoja, dhana ya kwanza ni njaa, ya pili ni njaa, na ya tatu ndiyo minyoo ya tumboni, ambayo nitaigusa baadaye. Shaba inaua vimelea kweli, lakini haichagui. Inaua pia kila mnyama mdogo wa jamii ya kamba na kaa, na katika jamii hiyo ndimo walimo kopepodi na amfipodi, yaani chakula chenyewe cha mandarini. Ungeitia jana, leo ungekuwa na tangi lisilo na mlo kabisa. Tena mawe na mchanga wa chokaa hunyonya shaba na kuiachia kidogo kidogo kwa muda mrefu, hivyo hata ukibadilisha maji, kopepodi utakaowaleta mwezi ujao wataikuta inawasubiri. Na mandarini mwenyewe hana magamba ya kumkinga na kemikali kali. Kama siku moja samaki mwingine atahitaji dawa hiyo, mtibu kwenye tangi la pembeni lisilo na mawe wala mchanga, kisha vifaa vya tangi hilo visirudi kwenye tangi kuu.

Sasa tuje kwenye lililokuchanganya: anadonoa kutwa, iweje akonde?

Mandarini, ambaye wanasayansi humwita Synchiropus splendidus, ni samaki wa Pasifiki ya magharibi, kuanzia visiwa vya Ryukyu vya Japani, kupitia Ufilipino na Indonesia, hadi Australia. Huishi penye maji ya kina kifupi yaliyotulia, kwenye vifusi vya matumbawe yaliyovunjika. Ni mdogo, aghalabu sentimita 6 au 7. Hana haraka. Hutambaa chini kwa mapezi ya tumbo, husimama, hukitazama kitu kwa jicho moja, kisha mdomo wake huchomoza ghafla na kukinyonya. Anachokinyonya kwa kawaida hakizidi milimita moja au mbili: kopepodi, amfipodi wadogo, minyoo midogo ya mchangani, vikonokono, mayai ya samaki wengine. Yeye si wa kula mlo mmoja mkubwa akatulia hadi kesho. Hula kidogo kidogo tangu mwanga unapoingia hadi unapofifia, siku zote.

Kwa hiyo unapomwona anadonoa, unamwona kazini, si mezani. Aliyeshiba hudonoa na mwenye njaa hudonoa, na mara nyingi mwenye njaa ndiye anayedonoa zaidi. Watu humsifu kwamba "anasafisha mawe" au "anakula mwani". Yeye hali mwani. Kinachomvuta kwenye mwani ni wadudu waliojificha humo.

Ulipolianzisha tangi, kopepodi waliingia pamoja na mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye viumbe hai ndani yake. Kwa miezi karibu minne walizaana wakiwa na mlaji mmoja tu wa maana, huyo wa mistari sita. Mandarini alipofika akakuta ghala lina kitu, akala, akabaki mnene kama alivyotoka dukani, nawe ukaona mambo shwari. Hicho ndicho kipindi kinachowadanganya wafugaji wengi. Wanaoliwa kwanza ni kopepodi wakubwa kwa sababu ndio wanaoonekana, na miongoni mwa wakubwa hao wamo majike wanaobeba vifuko vya mayai. Kila jike anayemezwa anaondoka na kizazi chake. Ndiyo maana idadi yao haipungui kwa mwendo sawa: hupungua polepole bila wewe kujua, halafu huporomoka. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kwenye kamba hiyo ya lita 120 umefunga mbuzi wawili.

Utasikia ikisemwa kwamba mandarini anahitaji lita 200, wengine watasema 300. Mimi nipo upande wa 300 kwa samaki aliyevuliwa baharini, na liwe tangi lililokaa mwaka mzima au karibu na hapo. Lakini lita zenyewe si uchawi. Kinachohesabika ni nafasi ambazo kopepodi wanaweza kuzaliana bila kufikiwa na mdomo wa samaki: matundu ya mawe, mchanga, mwani, vifusi. Tangi kubwa lenye mawe matatu yaliyosimama kwa urembo linaweza kuwa maskini kuliko dogo lililojaa kokoto na mwani.

Usiku wa leo fanya uchunguzi mmoja usio na gharama. Zima taa, ngoja saa moja hivi, kisha mulika kioo na mawe kwa tochi, ukiweza yenye mwanga mwekundu. Tafuta nukta nyeupe zinazoruka kwa mishtuko au kuteleza juu ya kioo. Tangi linaloweza kumlisha mandarini huonyesha nukta nyingi kila unapomulika, bila wewe kuzitafuta kwa kukodoa macho. Ukimulika dakika kumi ukaona mbili tatu, au hamna kabisa, ghala limekwisha. Nadhani ndivyo utakavyokuta.

Asubuhi mtazame samaki mwenyewe, si kwa ubavu bali kutoka mbele na kutoka juu. Kwa ubavu rangi zinapumbaza. Mandarini mwenye afya, ukimwangalia kutoka mbele, ni mviringo, na tumbo limejaa kutoka kooni hadi nyuma. Anayeanza kukonda tumbo huwa bapa. Akizidi, tumbo huingia ndani na kichwa kuonekana kikubwa kuliko mwili. Hatua ya hatari ni pale nyama ya mgongo nyuma ya kichwa inapolika na mstari wa ubavuni ukatokeza kama ukingo, maana hapo mwili umeanza kujila wenyewe. Kwa maelezo yako samaki wako yuko kati ya hatua ya pili na ya tatu. Hilo si jambo la kusubiri mwisho wa wiki, lakini maadamu bado anadonoa, anaokoka. Akiacha kudonoa na kulala tu, nafasi inakuwa finyu sana.

Jambo la kwanza ni kumtenga bila kumtoa. Tafuta kisanduku cha kuning'iniza ndani ya tangi, kile chenye kuta za wavu au matundu madogo kinachotumiwa kutenga vifaranga vya samaki. Weka humo kipande cha jiwe hai na mchanga kidogo, umhamishie mandarini. Mhamishe kwa chombo, si kwa wavu. Ana miiba kwenye mashavu inayonasa na kuchanika. Kisanduku hicho kinafanya kazi mbili: kinakusanya chakula mahali pamoja ili asikifuate mbali kwa nguvu asizonazo, na kinawazuia klauni na yule wa mistari sita wasimpokonye. Usimpeleke kwenye tangi tupu la karantini. Huko maji yatakuwa safi na yeye atakufa njaa akiwa peke yake.

Jambo la pili ni chakula kinachocheza. Samaki huyu huwinda kwa macho na huamshwa na mwendo, kwa hiyo punje inayozama kimya, kwake ni kokoto. Chakula hai kinachopatikana kwa urahisi ni artemia walioanguliwa, yaani vifaranga vya vijikamba vya maji ya chumvi. Mayai yao makavu huwekwa kwenye chupa ya maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 26 hadi 28, hewa ikibubujika kwa nguvu kutoka chini na taa ikiwaka karibu. Baada ya saa 24 hivi wameanguliwa. Zima hewa, mulika upande mmoja wa chini, vifaranga wataufuata mwanga na maganda yataelea juu. Vuta vifaranga kwa mpira mwembamba, wachuje, wasuuze, na usiruhusu maganda yaingie tangini kwa wingi, kwa sababu yanaweza kuziba tumbo la samaki mdogo.

Mpe samaki vifaranga hao ndani ya saa chache baada ya kuanguliwa, wakiwa bado na akiba ya kiini cha yai. Kadiri wanavyokaa bila kula ndivyo wanavyobaki ganda linaloogelea. Na hata wakiwa wabichi, artemia peke yao hawatoshi kwa miezi, kwa sababu wana upungufu wa mafuta ambayo samaki wa baharini hawezi kuishi vizuri bila kuyapata, hasa yale yajulikanayo kama DHA. Njia ya kuziba pengo ni kuwakuza siku moja zaidi hadi waweze kula, kisha kuwalisha kirutubisho cha mafuta hayo kwa saa 12 au zaidi kabla ya kumpa samaki. Wafugaji wengi huruka hatua hii kwa uvivu, samaki anaonekana ana tumbo, na bado anadhoofika. Kwa wiki ya kwanza usijisumbue nayo sana, muhimu apate kitu tumboni. Kuanzia wiki ya pili ifanye kuwa desturi.

Mpe mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, na pamoja na artemia mpe kopepodi hai kila unapowapata. Angalia tumbo lake dakika ishirini baada ya kila mlo. Likivimba kidogo, anameza. Tumbo hurudi upesi, ndani ya siku chache, na watu husherehekea mapema hapo. Nyama ya mgongo huchukua wiki kadhaa, na ndiyo unayopaswa kuisubiri kabla ya kumtoa kisandukuni.

Kulisha hivi kutachafua maji. Pima amonia, sumu itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula, kila siku mbili katika kipindi hiki. Inatakiwa iwe sifuri, na naitraiti vilevile. Naitreti ikibaki chini ya miligramu 20 kwa lita inatosha. Chumvi, kwa kipimo cha uzito linganishi wa maji, iwe 1.024 hadi 1.026, joto nyuzi 24 hadi 27, na visipande na kushuka. Hapo sina la kuongeza, mandarini si mgumu kwa upande wa maji. Ni mgumu kwa upande wa sahani tu.

Akishanenepa kidogo, na si kabla, anza kumfundisha chakula kilichogandishwa. Wapo mandarini wanaokikubali ndani ya siku tano na wapo wasiokikubali maisha yao yote, na hakuna ustadi wako utakaobadilisha kundi la pili. Wa kwanza huanza hivi: unachanganya artemia hai na kopepodi waliogandishwa au mayai madogo ya samaki, vyote kwa pamoja kwenye pipeti, yaani kibomba cha kunyonya na kupuliza, unavipuliza taratibu mbele ya pua yake. Katika pilikapilika za kuwafuata wanaocheza atameza na kisichocheza. Kila siku punguza hai, ongeza kilichogandishwa. Uduvi wadogo wa aina ya maisisi wanafaa, lakini wakate. Mdomo wake ni mdogo kuliko unavyodhani. Kama wa mistari sita na klauni wamezoea kufuata pipeti, tumia hila ya chupa: chupa ndogo ya kioo yenye mdomo mwembamba, ilazwe mchangani, chakula kipulizwe ndani yake. Mandarini hujifunza kuingia kutambaa na kula humo kwa utulivu, wakati samaki waogeleao juu huona taabu kuingia. Zima pampu za mawimbi kwa dakika 15 wakati wa mlo, na uwe na namna ya kujikumbusha kuziwasha.

Kuhusu samaki wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, nitasema wazi: mmoja kati yake na mandarini aondoke. Huyu naye ni mwindaji wa kopepodi, mwenye kasi kubwa kuliko mandarini, na kadiri anavyokua ndivyo anavyokuwa mkorofi kwa samaki wapole. Katika tangi la lita 400 wangeweza kugawana. Kwako hapana. Mtege kwa chupa ya plastiki iliyokatwa shingo na kugeuziwa ndani, yenye chakula, na uwe na subira; hunaswa akiwa na njaa, asubuhi, kabla ya mlo wa kwanza. Na kama una mpango wa kuongeza anemoni, mnyama wa baharini mwenye minyiri inayochoma, hasa ile pana ya aina ya zulia, uache. Mandarini hutambaa chini bila kujua anakokwenda, na anemoni hiyo hummeza mzima.

Hayo yote ni huduma ya dharura. Kinachoamua kama utakuwa na mandarini mwakani ni kama utakuwa na kopepodi mwakani, na hapa ndipo ningependa utumie fedha na muda wako, si kwenye dawa.

Unachohitaji ni mahali ambapo wanazaliana na samaki hafiki. Bora zaidi ni tangi la chini, hata la lita 30 au 40, lililounganishwa na tangi kuu kwa bomba la kushusha na pampu ya kurudisha. Jaza humo mwani wa Chaetomorpha, ule unaofanana na nyuzi zilizosokotana, na kokoto za matumbawe chini yake. Taa yake iwake usiku wakati ya juu imezimwa. Inasaidia pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, isishuke sana usiku, na mwani unakua. Kopepodi na amfipodi watajaa ndani ya mwani, na kila siku baadhi yao watapandishwa na pampu hadi juu. Pampu haiwaui kama watu wanavyohofia, wengi hupita salama. Kinachowaua ni soksi ya kuchujia. Soksi ile ya matundu madogo hunasa kopepodi wengi wapitao, nawe unaiosha bombani kila siku tatu ukidhani unasafisha uchafu. Iondoe, au uiweke mara moja moja tu unapokoroga mchanga. Taa ya ultravayoleti ya kuua vijidudu majini nayo, kama unayo, izime kwa siku mbili kila unapoongeza kopepodi.

Huna nafasi ya tangi la chini? Yapo masanduku ya kuning'iniza nyuma ya tangi yanayofanya kazi hiyohiyo kwa udogo. Hata hilo likishindikana, kusanya vifusi vya matumbawe, vifunike kwa wavu mgumu wa plastiki wenye matundu ambayo kopepodi anapita na mandarini hapiti, uviweke kona ya nyuma. Si pazuri kwa macho. Lakini kila usiku wadudu watatoka humo kwenda kwenye mawe, na mama zao watabaki ndani.

Kisha fuga kopepodi nje ya tangi. Hapa chagua aina kwa kujua unachotaka. Tigriopus californicus ni mkubwa, mwekundu, anaogelea kwa mishtuko na samaki humpenda. Lakini ni wa madimbwi ya miambani kwenye pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, na ndani ya tangi la joto lenye walaji huwa anaishia kuliwa kabla hajajenga ukoo. Mhesabu kama mlo. Tisbe ni mdogo, hutambaa chini, hujificha vizuri, hula hata mabaki, na katika joto la tangi huzaliana upesi. Huyo ndiye wa kupanda makazi. Mimi ningechukua wote wawili: Tisbe kwa hifadhi, Tigriopus kwa kulisha.

Kuwafuga si kazi kubwa. Mitungi miwili ya lita 5 hadi 10 yenye maji ya chumvi, bomba la hewa linalotoa mapovu makubwa polepole, bila chujio, mahali pasipopigwa na jua kali. Walishe fitoplanktoni, yaani mwani mdogo mno unaoelea majini, kwa mfano Tetraselmis au Isochrysis, hadi maji yawe kijani hafifu unachoweza kuona mkono wako ng'ambo. Usiongeze tena mpaka yawe meupe. Kosa linaloua mitungi mingi kuliko yote ni huruma: mtu anamwaga chakula kingi, kinaoza, amonia inapanda, na asubuhi mtungi unanuka. Ndiyo maana nasema miwili. Mmoja ukifa unao mwingine wa kuanzia. Baada ya wiki tatu au nne anza kuvuna kwa kitambaa laini cha kuchujia, usizidishe robo ya mtungi kwa wiki, na ulichokitoa kirudishie maji mapya ya chumvi.

Unapowaweka tangini, waweke usiku, taa zimezimwa na pampu zimepunguzwa, na uwapulize kwa bomba hadi chini ya mawe. Kuwamwaga juu mchana mbele ya klauni ni kuwalisha klauni. Na chupa moja ya dukani haimtoshi mandarini mzima anayewinda kutwa. Ni mbegu, haihesabiki kama chakula cha mwezi.

Niliahidi kugusa magonjwa. Ngozi ya mandarini imefunikwa ute mzito, mchungu, wenye harufu mbaya na sumu kwa wanaotaka kumla, na ute huo humpunguzia kushikwa na ugonjwa wa madoa meupe. Haumfanyi asiugue kabisa. Ukiona madoa, au anapumua kwa kasi, hilo ni swali lingine. Kuhusu minyoo: kama baada ya wiki tatu za kula vizuri, tumbo likijaa kila siku, bado mgongo unazidi kulika, au kinyesi kinatoka cheupe kama uzi, basi hapo fikiria vimelea vya ndani. Tiba yake hupitia chakulani, praziquantel kwa baadhi ya minyoo na metronidazole kwa vimelea vingine, kwa kipimo cha mtengenezaji, na hapo lazima awe amekubali chakula kilichogandishwa maana ndicho kinachobeba dawa. Sababu nyingine, basi, ya kumfundisha.

Niseme pia kuhusu rangi yake, kwa kuwa ndiyo iliyokufanya umnunue na silaumu. Samaki wengi wa bluu si wa bluu hasa, ni mwanga unaovunjika kwenye vioo vidogo ndani ya ngozi. Mandarini, pamoja na ndugu yake Synchiropus picturatus, ni miongoni mwa wanyama wachache mno wenye uti wa mgongo wanaojulikana kuwa na rangi ya bluu yenyewe ndani ya seli. Kwa mfugaji hilo lina athari moja: rangi hiyo haififii upesi anapokonda. Mandarini anaweza kung'aa akiwa ana siku nne za kuishi. Usiipime afya yake kwa uzuri wake.

Sasa uamuzi. Jipe wiki mbili za kisanduku na artemia. Ikifika mwisho wake tumbo limejaa na ameanza kumeza kilichogandishwa, mbakishe, ukiwa umemwondoa wa mistari sita na umeanza mitungi. Kama amenenepa lakini hataki chochote kisichokuwa hai, jiulize kwa ukweli kama utaangua artemia na kuvuna kopepodi kila wiki kwa miaka, ukisafiri, ukiugua, ukichoka. Wapo wanaoweza. Kama huwezi, mpe mtu mwenye tangi kubwa lililokomaa, na umpe sasa akiwa na nguvu za kuhama. Siku ukitaka mwingine, tafuta aliyezaliwa kwenye vituo vya ufugaji, ambaye tangu utotoni amezoeshwa chakula kilichogandishwa au punje laini. Muombe muuzaji amlishe mbele yako, na usilipe kabla hujamwona akimeza. Hata huyo alishwe mara mbili au tatu kwa siku, hasa akiwa na sentimita mbili tatu tu, kwa sababu tangi la lita 120 bado ni lilelile. Na tangi liwe na kifuniko cha wavu. Wanaruka, hasa wakishtuliwa gizani.

La mwisho ulilouliza ni mwenzake. Hapana. Mandarini mmoja si mpweke kwa namna inayomfanya asusie chakula. Mdomo wa pili ungepunguza nusu ya hicho kidogo kilichobaki. Tena kabla ya kuwaza jike, hakikisha wako ni nani: dume ana mwiba wa kwanza wa pezi la mgongoni mrefu, umesimama kama mlingoti, na jike pezi lake ni fupi. Madume wawili kwenye tangi moja hupigana hadi mmoja afe. Wakiwa dume na jike, wote wanaokula kilichogandishwa, kwenye tangi la lita 300 lenye hifadhi ya kopepodi, niandikie tena tuzungumze.